Nani anaenda msituni, na juu ya nini? Shule, hali ya familia na sababu za kupigana katika Beni na Butembo

Kundi jipya lenye silaha likizaliwa katika teritware ya Beni ao ya Lubero, jambo la kwanza ambalo watu wanapata ni tangazo. Limeandikwa kwa Kifaransa, lina orodha ya madai, na mwisho kuna sahihi ya msemaji mwenye cheo. Vijana wenye kubeba maji, kulinda bariere na kutangulia siku ya mapigano hawakuandika hata mstari mmoja wa tangazo hilo. Kila mmoja wao ana sababu yake ya kuwa pale, na mara nyingi si ile iliyoandikwa.

Jambo hili linagusa familia nyingi leo. Mwezi wa Novemba 2022 Rais Félix Tshisekedi aliita vijana waingie jeshini na wajipange kulinda maeneo yao juu ya vita vya M23. Tangu hapo jina la Wazalendo limeingia kila kijiji. Kanyabayonga ilianguka mwisho wa Juni 2024, Goma ikaanguka Januari 2025, na liwali wa kijeshi wa Kivu ya Kaskazini anafanyia kazi Beni. Mzazi wa Butembo, Oicha ao Lubero mwenye mtoto wa kiume wa miaka 17 anajua kama swali hili si la vitabu tu.

Jibu kwa ufupi

Wengi wanasema: mwenye masomo haendi msituni, ni wale wasiojua kusoma ndio wanaenda. Si kweli. Katika makundi ya Beni na Lubero wako wenye diploma ya serikali, na wako walioacha shule wakiwa bado wadogo kabisa. Shule peke yake haiamui nani atashika silaha. Inaamua mambo mengine matatu: kijana ana njia ngapi mbele yake siku ya hasira, atapewa kazi gani akifika msituni, na atapata nini siku ya kutoka.

Kutoka Force Publique mpaka Simba

Wakati wa Wabelgiji, jeshi liliitwa Force Publique. Maofisa wote walikuwa Wazungu. Mkongomani alikuwa askari wa kawaida ao sajenti, na hata karibu na uhuru cheo cha juu alichoweza kufikia kilikuwa adjuda. Uhuru ulikuja tarehe 30 Juni 1960. Siku chache kisha, maaskari wakaasi. Jenerali Janssens, mkubwa wa jeshi, alikuwa amewaandikia ubaoni kwamba mbele ya uhuru na kisha uhuru ni sawasawa. Waliona wanasiasa wamekalia viti vya Wazungu, na wao wanabaki palepale.

Maasi yale yalifungua vyeo kwa haraka, na wenye kufaidika kwanza walikuwa wenye kujua kuandika. Joseph-Désiré Mobutu alikuwa ametoka jeshini na cheo cha sajenti, akafanya kazi ya uandishi wa habari. Katika majuma machache akawa kolonele na mkubwa wa etamajori.

Mwaka 1964 vita vya Simba vilianza. Huku mashariki viliongozwa na Gaston Soumialot na Nicolas Olenga, na mji wa Stanleyville, leo Kisangani, ulianguka tarehe 5 Agosti 1964. Vijana wengi walioingia walikuwa wamefika shuleni kidogo, wakaambiwa kama masomo yatawapa kazi, kisha kazi haikuonekana. Wakati huo huo wakubwa wapya wachache walikuwa wanapokea mishahara minono. Ndiyo maana watu wakasema juu ya "uhuru wa pili". Kwa hiyo kijana aliyesoma kidogo na kukosa nafasi alikuwa katika vita vyetu tangu mwanzo, sawa na yule asiyesoma kabisa. Na dawa ya maji, ambayo leo inajulikana kwa jina la Mai-Mai, ilitumiwa na hao Simba.

Kadogo, APC na bei ya cheo

Vita vya AFDL vya 1996 na 1997 vilileta neno "kadogo", mtoto mwenye bunduki. Mwaka 1998 Mai-Mai na jeshi walipigana Butembo, na raia wengi waliuawa. Jina la kambi ya Kikyo bado linauma watu wa mji. Kisha ikaja RCD-K/ML yenye makao Beni, na jeshi lake APC. Katika kambi ya Nyaleke, karibu na Beni, waliopata mafunzo walikuwa pia watoto. Mwaka 2000, watoto 163 walipelekwa kwa ndege kutoka Bunia mpaka kambi ya Kyankwanzi huko Uganda. Unicef iliwatoa mwanzo wa 2001.

Katika miaka ile mzazi ndiye alikuwa analipa mwalimu. Tangu mgomo mkubwa wa walimu wa mwanzo wa miaka ya 1990, wazazi walianza kutoa primu, kwa sababu serikali haikulipa. Mtoto akikosa primu, anarudishwa nyumbani. Familia ya mchuuzi mkubwa ilipata ile feza. Familia yenye kulima mihogo na maharage ilichagua mtoto mmoja ao wawili wa kusoma, na wengine wakabaki. Masomo ya msingi bila malipo yalianza Septemba 2019; sekondari bado iko mgongoni mwa mzazi.

Kwa mapatano ya Pretoria ya Desemba 2002, vita vya makundi makubwa vilimalizika kwa karatasi. APC iliingia katika jeshi jipya, FARDC. Kiongozi wa RCD-K/ML, Antipas Mbusa Nyamwisi, akawa waziri Kinshasa mwaka 2003. Makomanda wa makundi mbalimbali walipata vyeo jeshini. Vijana wakaona kama bunduki inaweza kuleta cheo ambacho diploma haikuleta. Mkutano wa Goma wa Januari 2008 na mapatano ya tarehe 23 Machi 2009 yalirudia somo lile lile. M23 yenyewe ilichukua jina lake katika tarehe hiyo ya mwisho, ikidai kama ahadi hazikutimizwa.

Sababu nne ambazo zinarudi

*Kulinda nyumbani.* Tangu Oktoba 2014 mauaji ya raia katika teritware ya Beni hayakukoma, na wengi wanayahesabu kwa ADF. Familia yenye feza inahamia Butembo ao Kampala, inapanga nyumba, watoto wanaendelea kusoma. Familia isiyo na kitu inabaki karibu na shamba kwa sababu shamba ndilo chakula. Kwa hiyo kijana wa familia ya pili ndiye anaombwa kulinda kijiji. Hata kama moyo wake uko wazi na anapenda watu wake, umaskini ndio ulimweka pale, wakati mwenzake alikuwa na mahali pa kukimbilia.

*Kula.* Milima ya Lubero ina watu wengi na mashamba madogo. Baba akigawia watoto watano wa kiume, kila mmoja anabaki na kipande. Upande wa Virunga, hifadhi iliyoundwa 1925 inafunga ardhi nyingine. Ndiyo sababu vijana walishuka zamani kuelekea Beni na Ituri kutafuta mashamba, na leo kakao ya kule inalimwa katikati ya hatari. Vita ikifunga shamba, bariere inakuwa shamba lingine. Pale wapita njia wanalipa, na kijana asiye na mshahara anapata chakula na kidogo cha mfukoni.

*Heshima.* Butembo ni mji wa biashara. Mwanaume anapimwa kwa nyumba, kwa mahari aliyotoa, kwa duka ao gari lake. Kijana wa miaka 25 asiye na shamba wala mahari anaitwa bado mtoto. Akishika silaha, lori la tajiri linasimama mbele yake. Wengi hawasemi sababu hii kwa sauti, lakini mwenye kutaka kumrudisha kijana nyumbani bila kuijua atashindwa.

*Kulazimishwa na kudanganywa.* Wako wasiochagua kitu. ADF inateka watu mashambani na njiani. Inajulikana pia kama imevuta watu kwa kuwaahidi kazi, na hata masomo katika nchi za mbali. Shule yenyewe inageuka chambo, na samaki anayekamatwa ni yule mwenye hamu ya kusoma asiye na feza.

Wasichana pia wamo. Shirika la Child Soldiers International lilizungumza na wasichana waliotoka katika makundi ya mashariki mwa Kongo, likatoa ripoti mwaka 2017. Kati ya wale waliojiunga wenyewe, wako waliosema waliingia kwa sababu nyumbani hakukuwa feza ya shule. Waliporudi, majirani waliwakwepa. Walipoulizwa nini kingewasaidia wapokelewe tena, jibu lililorudi sana lilikuwa kurudi shuleni.

Ndani ya kundi: nani anafanya nini

Kundi lenye silaha lina kazi zake kama ofisi yoyote. Mwenye kujua kuandika anakuwa karani: anashika orodha ya watu, anaandika vipande vya malipo ya raia, anatuma ujumbe kwa simu. Mwenye Kifaransa kizuri anakuwa msemaji ao anapelekwa kwenye mazungumzo mjini. Asiyesoma anapewa zamu ya usiku, mizigo na mstari wa mbele.

Kuna ngazi nyingine ambayo haitaki diploma, ile ya dawa. Mwenye kutoa dawa na kusimamia masharti yake anaweza kuwa na nguvu kuliko komanda, hata kama hakukaa darasani. Kwa kijana ambaye shule ilimtupa nje, kukuta mahali ambapo mtu asiye na karatasi anaheshimiwa ni jambo kubwa.

Hasira ile ile inaweza pia kuchukua njia tofauti. Mwezi wa Aprili 2021 wanafunzi wa Beni walikaa siku nyingi mchana na usiku mbele ya ofisi ya meya, wakidai amani na kumtaka Rais afike. Harakati ya LUCHA, iliyozaliwa Goma mwaka 2012, na Véranda Mutsanga ya Butembo zilikuwa zimezoea kuandika barua, kuita miji kufunga maduka na kuandamana. Wengi wa vijana hao wamepoteza ndugu kama wale wa msituni. Tofauti ni kwamba wanajua mlango gani wa kugonga na namna ya kuandika neno lao. Aliyeacha shule mapema hana ile kalamu, na mara nyingi hakuna aliyemwonyesha mlango.

Hata hivyo kalamu nayo ina mwisho. Siku chache kisha maandamano, serikali ilitangaza hali ya dharura ya kijeshi katika Kivu ya Kaskazini na Ituri, ikaanza tarehe 6 Mei 2021, na mauaji yakaendelea. Kila mara barua inabaki bila jibu, mwenye kusema "twende msituni" anapata watu wa kumsikiliza.

Na katika jeshi la serikali?

Askari wa FARDC mwenye kulinda barabara ya Mbau na kijana wa Mai-Mai mara nyingi wanatoka katika nyumba za aina moja: baba mkulima ao mwalimu asiyelipwa vizuri, watoto wengi, masomo yaliyokatika. Jeshini pia shule inagawa watu. Mwenye diploma ya serikali anaweza kuomba shule ya maofisa. Asiyenayo anaingia kama askari wa kawaida, na kupanda kunachukua miaka.

Mambo mawili yanapunguza ama kuongeza moyo wa askari. La kwanza ni mshahara. Kwa miaka mingi feza ilipita mikononi mwa makomanda, na majina ya maaskari wasiokuwapo yalijaa orodha. Ujumbe wa Ulaya ulioitwa EUSEC, ulioanza 2005, ulisaidia kutenganisha njia ya amri na njia ya malipo, kisha malipo yakaanza kupita benki. Mwezi wa Machi 2025 serikali ilitangaza kuongeza mara mbili mishahara ya wanajeshi na polisi. Kwa askari, swali linabaki kama feza inafika kwa wakati na kama mke wake anaweza kuitumia kulipia watoto shule, kwani mtoto wa askari aliyekosa shule yuko karibu kabisa na bunduki.

La pili ni mkubwa mwenye kuwaongoza. Kolonele Mamadou Ndala alipendwa sana na maaskari na raia wakati wa vita vya kwanza vya M23 mwaka 2013, kwa sababu alionekana mbele pamoja na watu wake. Aliuawa karibu na Beni tarehe 2 Januari 2014, na maofisa wa jeshi lenyewe walifikishwa mbele ya korti juu ya kifo chake. Kwa askari wa chini, habari kama ile inavunja moyo kuliko risasi ya adui.

Wengine waliona nini

Sierra Leone ilikuwa na vita kutoka 1991 mpaka 2002. Kisha vita, watafiti Macartan Humphreys na Jeremy Weinstein waliuliza zaidi ya wapiganaji 1,000 wa zamani. Waliona kama umaskini na kukosa shule vinaenda pamoja na kuingia vitani. Lakini waliona pia kama ni vilevile kwa waasi na kwa wale wenye kupigana na waasi. Tena, sehemu kubwa ya waasi wa RUF walikuwa wametekwa. Kwa hiyo umaskini unaeleza nani yuko karibu na vita, hauelezi ataangukia upande gani.

Huko Marekani, katika vita vya wao kwa wao vya 1861 mpaka 1865, sheria ya upande wa Kaskazini ya 1863 iliruhusu mtu kulipa dolari 300 asiende jeshini. Upande wa Kusini, mashamba yenye watumwa 20 yalipewa haki ya kubakiza Mzungu mmoja asiitwe vitani. Maaskari wa pande zote walisema: vita ya matajiri, mapigano ya maskini. Mwanahistoria James McPherson alisoma barua za maaskari zaidi ya 1,000 wa vita vile, akakuta wengi wanataja nchi, uhuru na wajibu. Lakini barua zinaandikwa na wenye kujua kuandika, na maofisa walikuwa wengi kati yao kuliko katika jeshi lenyewe. Huku kwetu pia, sababu ambazo zinafika mjini ni za wale wenye kalamu na simu.

Siku ya kutoka

Hapa tofauti ya masomo inaonekana kuliko mahali pengine. Mpango wa CONADER, ulioanza 2004, ulimpa mwenye kurudi katika maisha ya kiraia dolari 110 za kwanza, kisha dolari 25 kila mwezi kwa mwaka mmoja. Kwa komanda kulikuwa na njia nyingine, kuingia jeshini na cheo. Kwa msemaji mwenye diploma kulikuwa na mazungumzo, safari na wakati mwingine kazi. Kwa mbebaji maji, feza ilikwisha, na kijiji kilibaki vile alivyokiacha. Wako waliorudi msituni mara ya pili na ya tatu.

Mwaka 2021 serikali iliunda P-DDRCS, mpango ambao unataka kumrudisha mpiganaji wa zamani katika jamii yake badala ya kumpa cheo jeshini. Wazo hilo linajaribu kuvunja somo la 2003 na 2009. Lakini mwaka 2023 sheria nyingine iliunda hifadhi ya jeshi, inayoitwa Réserve armée de la défense, na makundi mengi ya Wazalendo yanaiangalia kama mlango wa kuingia. Kijana mmoja anasikia kwa wakati mmoja "weka silaha chini" na "shika silaha, taifa linakuhitaji". Asiyeweza kusoma maandiko ya sheria hizo mbili anategemea maelezo ya komanda wake.

Sheria kuhusu watoto

Sheria ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto inakataza kabisa kumwingiza mtu asiyefika miaka 18 katika jeshi, polisi ao kundi lenye silaha. Haijalishi kama mtoto alikubali, kama wazazi walimtoa, ao kama kundi linajiita la wazalendo. Mahakama ya kimataifa ya ICC ilimhukumu Thomas Lubanga wa Ituri mwaka 2012 kifungo cha miaka 14 juu ya kosa la kuandikisha na kutumia watoto wasiofika miaka 15.

Mtoto aliyetoka katika kundi anahesabiwa kwanza kama mtu aliyetendewa kosa. Hatakiwi kupangwa pamoja na watu wazima katika kambi ya waliosalimisha silaha. Mzazi ao mwalimu mwenye kumpokea anaweza kujulisha huduma ya mambo ya jamii ya serikali, Unicef ao shirika la ulinzi wa watoto lililo karibu, ili apate cheti cha kutoka. Karatasi hiyo inamlinda asikamatwe njiani kama muasi.

Kisha cheti, kunabaki darasa. Mtoto wa miaka 16 aliyeacha masomo katika mwaka wa tatu wa msingi hawezi kukaa na watoto wa miaka minane bila aibu. Kuna vituo vya kurudilia masomo ya msingi kwa miaka mitatu badala ya sita, na kuna shule za ufundi wa mbao, ushonaji na mekanika. Nafasi ni chache, na feza ya vifaa inaangukia familia ile ile iliyokosa primu zamani. Ndiyo maana viongozi wa vijiji, makanisa na kamati za wazazi wanapoulizwa na mipango ya amani wanataka nini, ni vizuri waulize pia: kati ya feza hii, ngapi ni ya wale wenye kusema mbele ya mikrofoni, na ngapi ni ya wale waliobeba maji?